Kweli Haipigiwi Mbiu

Siku hizi hapa Rau limeingia neno moja lisilokosa baraza. Mnunuzi wa mpunga asimama kando ya mfereji na kusema, "Kiukweli, mama, bei ni hiyo." Kijana aliyechelewa shule asema, "Kiukweli, mwalimu, njia ilikuwa na tope." Mwenye kusoma hesabu ya michango ya arusi aanza kila mstari kwa "kiukweli." Hata mtu atakaye kusimulia kwamba jana alikula ndizi, husema kiukweli alikula ndizi, kana kwamba yuko aliyembishia.

Nasema neno hili latudhuru, nami sina budi kutoa sababu.

Kwanza tulitazame lenyewe. "Kweli" ni neno zima. Wazee walisema "nasema kweli," ikatosha. Kisha likatiwa u, likawa "ukweli". Na sasa u imetiwa ki mbele yake. Kweli ni ileile ndani, ila imevikwa makoti mawili. Nasi twajua kwamba mtu avaaye makoti mawili katika jua la mchana la Moshi, ama ni mgonjwa, ama ameficha kitu.

Waliosoma Kiingereza watanijibu, "Waingereza nao wanayo maneno kama hayo, husema honestly, husema frankly, na hakuna awalaumuye." Ni kweli wanayo. Lakini na tuangalie yaliyoyapata maneno ya namna hiyo huko kwao. Kila mtoto wa shule analijua neno very, naye hulifasiri "sana." Asili yake si "sana." Ni neno la Kilatini, verus, lenye maana ya "-a kweli," nalo lilifika Uingereza kwa njia ya Kifaransa. Watu wakalitia katika kila jambo dogo, mpaka kweli ikatoka ndani yake, ikabaki sauti tu. Tena walikuwa na neno forsooth, maana yake "kwa kweli". Nalo lilitumiwa hata likawa neno la dhihaka. Hivyo ndivyo ilivyo: sarafu ikipita mikono mingi mno, sura yake hufutika. Je, twataka na "kweli" yetu ifikie hapo?

Tena wanafunzi wa Kiingereza na waangalie mahali pa neno. Ukisema He spoke frankly, neno hilo laeleza tendo: alisema waziwazi, nawe uliyemsikia wamshuhudia. Lakini ukisema Frankly, he is lazy, hukueleza uvivu wake ni wa namna gani. Umejieleza wewe mwenyewe usemaye. Umejiandikia cheti cha unyofu kabla hujasema neno. Kwa Kiswahili ni vivyo hivyo. "Alikiri waziwazi" ni ushuhuda juu ya mwingine. "Kiukweli, alikiri" ni mtu kujishuhudia nafsi yake. Na baraza gani la wazee limewahi kukata shauri kwa mtu aliyejiletea nafsi yake kuwa shahidi? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Najua yatakayopingwa. Wengine watasema, "Yako maneno mazito ambayo hayafai kumwangukia mtu ghafula." Nakubali. Mganga atakaye kumwambia mgonjwa habari mbaya, au mwalimu atakaye kumwambia mzazi kwamba mwanawe ameshindwa, yafaa atangulize kusema, "Nitakuambia wazi." Hiyo ni kama hodi mlangoni. Lakini hodi hupigwa, mtu akaingia. Hakuna mgeni aketiye kitini huku akiendelea kupiga hodi. Tena na tuangalie ni nani aumizwaye na neno lifuatalo. Mtu akisema, "Nitasema wazi, mimi ndimi niliyekosa," neno lake limemgharimu. Akisema, "Nitasema wazi, wewe ni mjinga," hakuna unyofu hapo. Ni tusi lililotafuta ruhusa.

Wengine watasema, "Bwana wetu mwenyewe alisema amin, amin." Ndiyo, na katika Injili ya Yohana neno hilo la mara mbili limo mara 25. Lakini alilisema juu ya uzima na mauti, wala hakulisema juu ya bei ya debe la mpunga. Na ni yeye huyo aliyekataza viapo alipofundisha mlimani, akitaka ndiyo ya mtu iwe ndiyo na siyo yake iwe siyo.

Wako Wakristo walioyashika mafundisho hayo hata wakafungwa. Ni wale waitwao Marafiki, ambao misheni yao ilifika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Wazee wao wa Uingereza walikataa kuapa mahakamani, kwa sababu aapaye kusema kweli leo akiri kwamba ana kweli ya namna mbili: moja ya siku ya kiapo, na moja ya siku nyingine zote. Mwisho sheria ya mwaka 1695 iliwapa ruhusa kuthibitisha neno lao pasipo kiapo. Madukani mwao walitaja bei moja kwa watu wote, nao walijulikana kwa hiyo.

Walakini hatuna haja ya kwenda mbali. Tutazame mipaka ya vihamba vyetu. Isale limesimama pale, halisemi neno, nalo laheshimiwa. Na mtu aliyemkosea jirani yake alichukua jani la isale akaenda kuomba msamaha. Jani hilo halikujisifu kwamba ni la kweli. Lilikuwa zito kwa sababu halikuchukuliwa ovyo.

Sasa mlinganisheni na yule mnunuzi wa mpunga. Akisema "kiukweli" mara tatu, gunia lake ni lumbesa, limepandishwa juu ya mdomo wake kinyume cha sheria ya vipimo. Nalo neno lake ni lumbesa vilevile: limezidishwa juu ya kipimo, na aumiaye ni yule asiyeshika mizani. Mjane asikiaye neno "kiukweli" akaacha kutaka mizani amekwisha kuuza zaidi ya mpunga.

Lakini hofu yangu kubwa ni juu ya watoto. Mtoto asikiaye kwamba baba ana maneno ya kiukweli, atauliza moyoni, "Na yale mengine je?" Hataliuliza kwa sauti, atajifunza tu. Akiwa mkubwa atakuwa na vinywa viwili, naye hatajua kosa lake liko wapi.

Basi, ndugu zangu, tufanye hivi. Atajaye bei na aweke mizani. Asomaye hesabu na aonyeshe stakabadhi. Aliyechelewa na aseme amechelewa. Na kila mmoja wetu, kabla hajatamka "kiukweli," aliondoe neno hilo na kuyatazama yaliyobaki. Yakisimama yenyewe, na ayaseme. Yakianguka, na anyamaze.