Makumbusho ya Meru: Nani Atamlea Mwana?

Wahenga walisema kuwa kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kauli hii inaisadifu barabara hali ya miradi maalumu katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 2005 jumba kuu la Nairobi lilifungwa, likakarabatiwa kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya, kisha likafunguliwa tena mwaka 2008. Waama, lilikuwa jambo la fahari. Hata hivyo, fedha za mfadhili huwa na tarehe ya kukoma, ilhali urithi hauna.

Mzigo huu huelemea zaidi nje ya jiji kuu. Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974 katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya enzi ya ukoloni, yana boma la kijadi la Wameru na bustani ya miti-dawa. Boma la udongo na nyasi halikarabatiwi mara moja likaisha. Sharti liezekwe upya kila mara. Bustani nayo hudai mtunzaji kila siku. Je, mradi wa miaka 3 utaitunza bustani kwa miaka 30?

Katiba ya mwaka 2010 imemwongezea mwana huyu mlezi wa pili. Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti jukumu la makumbusho, huku serikali ya kitaifa ikibaki na maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Pasipo makubaliano, kila mlezi atamtazama mwenzake, na mwana alale njaa.

Hivyo basi, kila mradi maalumu, uwe Meru au Embu, utenge fungu la matunzo tangu bajeti ya kwanza. Mkataba nao utaje bayana nani atalipa nini mfadhili akishaondoka. Aidha, hesabu za mradi zitolewe kwa Kiswahili, ambacho Katiba iyo hiyo inakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Wazee wa Njuri Ncheke hawawezi kuombwa ujuzi wa mila kwa Kimeru, kisha wafichwe matumizi ya fedha kwa Kiingereza. Kazi hiyo ya tafsiri inawasubiri wanafunzi wa Kiswahili. Asiyeelewa hesabu hawezi kuuliza, na pasipo wa kuuliza, fedha hukosa mlinzi.