Haramia wa Plastiki

Jamani, tusidanganyane! Kila nikiwauliza washikaji wa mjini kama gemu fulani inamfaa mtoto mdogo, wananirudishia swali moja tu: eti, ina damu? Kama haina, basi, mtoto apewe acheze, wakubwa tupige soga. Nasema hapana. Damu ni kipimo kimoja, tena cha mvivu.

Juzi nilishuka Kahe kumsalimia dada. Nikamkuta mpwa wangu wa miaka mitano kaganda mbele ya kompyuta, anacheza gemu ya maharamia wa LEGO, ile iliyotoka mwaka 2011 kutokana na filamu nne za Pirates of the Caribbean. Gari lake la waya, lenye magurudumu ya kandambili kuukuu, limetupwa mlangoni. Nilikaa naye siku mbili, nikacheza, nikavunja, nikajenga. Kwa hiyo sisemi ya kuambiwa.

Kwanza nitoe haki yake. Gemu ile ni tamu! Vikaragosi vyake havisemi, vinaguna tu na kurusha mikono, hivyo mtoto asiyejua hata neno la Kiingereza hapitwi na kichekesho. Inachezwa na watu wawili bega kwa bega, na pasipo kusaidiana pana milango haifunguki. Ni wapi pengine mjomba na mpwa watacheka pamoja hivyo? Wazee wa kukataza kila kitu, hapo hamnipati.

Lakini sikilizeni. Mle ndani mtu akipigwa upanga anamwagika vipande, sekunde mbili tu yuko wima tena, hasara yake ni sarafu chache. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba usiogope, hafi huyu, ngoja uone!" Mtoto wa miaka mitano, jirani wa mfereji na wa reli, bado hajajua kwamba kuna kwenda kusikorudi. Nani atamweleza? Kikaragosi?

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Katika gemu ile utajiri unapatikana kwa kuvunja. Vunja pipa, vunja kiti, vunja ua la watu, sarafu zinaruka, okota. Hakuna anayekuuliza vilikuwa vya nani. Hapa Kahe ukivunja mtungi wa bibi haziruki sarafu, unaruka wewe! Na kule kujenga kunakosifiwa sana ni kubonyeza kitufe na kushikilia, vipande vinajipanga vyenyewe. Aliyekunja waya mpaka vidole vikauma ndiye aliyejenga.

Mtaniambia, "Bwana wee, ni mchezo tu." Sawa. Kwa mtoto wa Denmark, kwao matofali hayo, haramia labda ni hekaya ya zamani. Kwetu ni habari ya majuzi. Tarehe 8 Aprili 2009 meli ya Maersk Alabama ilivamiwa na maharamia wa Kisomali ikielekea Mombasa, na ndani yake mlikuwa na chakula cha msaada. Mali ile ilikuwa na wenyewe, tena wenye njaa. Haramia wa kweli hamwagiki vipande akainuka.

Basi hukumu yangu ni hii. Ulaya wameiandika kuwa ya miaka 7 na kuendelea, Marekani wakasema 10. Wenyewe hawajapatana! Mimi nasema hivi: aliye chini ya miaka saba, muache na gari lake la waya. Wa nane au tisa, acheze, ila pembeni yake akae mtu mzima wa kuuliza swali ambalo gemu haiulizi: mali hii ya nani? Mtoto anayeweza kulijibu, gemu haitamdhuru. Asiyeweza, hata isipokuwa na tone la damu, haimfai.

Nanyi waandishi wenzangu chipukizi, msicheke pembeni. Bahari ni yetu, majahazi ni yetu, na hadithi ya haramia anayeulizwa swali hilo bado tunaidai kalamu zetu. Tukikaa kimya, mtoto atasimuliwa na kitufe.

Siku ya kuondoka nilimjaribu mpwa wangu. Nikamwonyesha sarafu zilizotapakaa kwenye kioo: "Hizi hela za nani?" Akafikiri, akasema, "Za mwenye kiti." Nikafurahi! Kisha naye akanigeukia: "Na gemu hii ya nani, mjomba?"

Nikakosa jibu. Ilifika Kahe ndani ya flashi, kopi ya wizi, bila boksi la kuonyesha umri, bila senti moja kwenda kwa walioitengeneza. Haramia wa kwanza mle nyumbani hakuwa wa plastiki.