Juma Moja la Shule Halirudi

Katika kambi ya askari hakuna asiyejua thamani ya saa. Baragumu la alfajiri humwamsha baba wa nyumba, zamu huanza na kwisha kwa dakika zake, na mshahara nao una siku yake katika mwezi. Lakini iko kalenda nyingine ipitayo katika nyumba hizo hizo bila kupigiwa baragumu, nayo ni ya mtoto asomaye shule ya msingi. Kalenda hiyo huhesabiwa kwa juma, wala si kwa muhula kama wazazi wengi wanavyodhani. Katika nchi ya Uganda, ambako jamaa za askari na polisi huhamishwa mara kwa mara kutoka upande mmoja wa nchi hata mwingine, mzazi asiyeifuata kalenda hiyo humpunguzia mwanawe elimu pasipo kukusudia.

FUNGU MOJA KWA JUMA MOJA

Tangu mwaka 2007, madarasa matatu ya chini, yaani la kwanza hata la tatu, yaliwekwa katika mtaala ufuatao mada badala ya masomo yaliyotengana. Mada ni 12 kwa mwaka, yaani 4 katika kila muhula. Kila mada imegawanywa katika mafungu 3, na kila fungu limepewa juma moja. Mtoto wa darasa la kwanza huanza na mada ya Shule Yetu: kwanza hujifunza juu ya watu walioko shuleni, kisha vitu vya shuleni, kisha shughuli zifanywazo huko. Baadaye hufuata Nyumbani Kwetu, Jamii Yetu, Mwili wa Binadamu na Afya, na nyinginezo, hata mwaka ufikie mwisho kwa mada ya Amani na Usalama, ambayo mtoto wa askari huenda akawa na mengi ya kuwasimulia wenzake.

Maneno ya fungu la juma ndiyo yasomwayo, ndiyo yaandikwayo, na hesabu nazo hutolewa humo humo. Watoto wakiwa katika mada ya vyakula, huhesabu ndizi na maembe. Wakiwa katika mada ya usafiri, huhesabu baiskeli na mabasi. Kwa hiyo mtoto asipofika shuleni siku tano, hakukosa vipindi vichache vilivyotawanyika huku na huku. Amekosa fungu zima, pamoja na herufi zake, maneno yake na hesabu zake. Jumatatu inayofuata mwalimu huwa amekwisha kuingia katika fungu jingine.

Wala si haki kumlaumu mwalimu huyo kwa kutorudi nyuma. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanzishwa mwaka 1997, idadi ya wanafunzi nchini Uganda ilipanda kutoka milioni 3 hivi hata zaidi ya milioni 5 katika muda wa mwaka mmoja tu. Watoto ambao zamani wangalibaki kuchunga mbuzi waliingia darasani, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini madarasa yalijaa, na katika shule nyingi yangali yamejaa. Mwalimu mwenye watoto wameketi hata karibu na ubao hawezi kulisimamisha darasa zima kwa ajili ya mmoja aliyekuwa safarini. Pengo la mtoto huyo halina budi kuzibwa kwa msaada wa nyumbani.

TOKA JUMATATU HATA IJUMAA

Juma la shule lina mwendo wake. Asubuhi watoto husimama kwa mistari mbele ya bendera, wimbo wa taifa huimbwa, kucha na sare hukaguliwa, na mwalimu wa zamu hutangaza mambo ya siku. Baada ya hapo kengele hupigwa na masomo huanza. Katika madarasa ya chini kipindi ni cha dakika 30, na katika madarasa ya juu ni cha dakika 40.

Katika ratiba ya watoto wadogo kipo kipindi kiitwacho Habari. Humo mtoto husimama na kuwaeleza wenziwe aliyoyaona au kuyasikia: mvua iliyoezua paa, ndama aliyezaliwa, mgeni aliyefika nyumbani. Wazazi wengine hukidharau wakidhani ni mchezo, kumbe humo ndimo mtoto ajifunzapo kupanga maneno yake kabla ya kuyaandika. Mtoto aliyehamia shule mpya aghalabu hukaa kimya katika kipindi hicho kwa majuma kadhaa. Mama amfanyiaye mazoezi nyumbani, kwa kumwuliza kila jioni ni jambo gani atakalowasimulia wenzake kesho, humwondolea aibu mapema.

Ijumaa ni siku ya kukunja juma. Madarasa hufagiliwa, majani hukatwa, watoto wakubwa huwa na mdahalo au michezo, na katika shule nyingi mwalimu wa zamu husoma taarifa ya mambo yote ya juma: darasa lipi lilikuwa safi, nani walichelewa, nini kilipotea. Mtoto akizoea kuikosa Ijumaa kwa sababu ni siku ya kufua nguo au ya kulinda mdogo wake, huyakosa maisha ya pamoja ambayo ni nusu ya shule.

Lipo jambo la kukumbukwa pia juu ya kuchelewa. Watoto wengine, wakiona wamechelewa, hugeuka njiani na kujificha kwa kuogopa fimbo. Sheria ya watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imekataza adhabu ya viboko shuleni. Mzazi amweleze mtoto kwamba kufika saa tatu ni bora kuliko kutofika kabisa, naye mwenyewe azungumze na mwalimu juu ya kuchelewa huko.

MTOTO ANAPOHAMA NA BABA YAKE

Amri ya uhamisho haingoji muhula wa shule. Askari aliyekuwa Gulu aweza kuamriwa kwenda Mbarara, na jamaa yake ikafungasha vyombo kwa siku mbili. Kwa mtoto wa darasa la pili, safari hiyo si ya barabara tu. Mtaala wa madarasa ya chini unataka watoto wafundishwe kwa lugha ya mahali walipo. Kule Gulu hufundishwa kwa Kiacholi, na kule Mbarara kwa Kinyankole. Mtoto aliyeanza kuunganisha silabi kwa lugha moja hujikuta katika lugha isiyofanana nayo hata kidogo. Mahali penye mchanganyiko wa makabila, kama mijini na katika shule za kambini, aghalabu hutumika Kiingereza. Toka darasa la nne Kiingereza huanza kuwa lugha ya kufundishia.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa msaada kwa nyumba za askari. Kiswahili kimezungumzwa katika kambi za Uganda tangu enzi za ukoloni. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Herufi zake husomeka kama ziandikwavyo, na irabu zake tano ndizo atakazozikuta mtoto katika maandishi ya Kiacholi na ya Kinyankole. Mtoto aliyezoea nyumbani kusoma ba, be, bi, bo, bu kwa Kiswahili hafiki shule mpya mikono mitupu.

Yampasa mzazi anayehama ayatengeneze mambo haya kabla ya kufunga masanduku. Kwanza, amwendee mwalimu mkuu kuomba barua ya uhamisho na ripoti ya muhula uliopita. Pili, achukue madaftari yote ya mtoto, hata yale yaliyokwisha kujaa, maana mwalimu mpya atatambua humo mtoto alipofikia. Daftari lililofungiwa maandazi au kuwashia moto ni ushahidi uliopotea. Tatu, amwulize mwalimu wa darasa ni mada gani na juma la ngapi wanaloliacha, aiandike katika karatasi na kumkabidhi mwalimu mpya. Nne, muhula ukiwa umebakiwa na majuma machache tu, na nyumba ikiruhusu, ni afadhali baba atangulie na mama abaki na watoto hata shule ifungwe.

DARASA LA SABA LINA AMRI YAKE

Mtoto wa darasa la saba hataki kuhamishwa ovyo. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa kwa kawaida mwezi wa Novemba katika masomo 4: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Elimu ya Jamii. Kila somo hupewa alama toka 1, iliyo bora, hata 9. Hivyo jumla iliyo bora kabisa ni 4 na ya chini kabisa ni 36. Mtoto huandikishwa mapema katika mwaka, na nambari yake ya mtihani ni ya kituo alichoandikishwa. Akihama baada ya kuandikishwa, yampasa arudi huko kufanya mtihani. Mzazi aliyepata uhamisho katikati ya mwaka huo amtafutie mtoto jamaa au mlezi mwaminifu wa kukaa naye, wala asisubiri Oktoba ndipo aanze kuuliza.

UJI, UFAGIO NA KAMATI

Shule haiishi kwa chaki peke yake. Sheria ya elimu ya mwaka 2008 imeweka wazi kwamba chakula cha mtoto ni jukumu la mzazi. Kwa sababu hiyo, katika shule nyingi wazazi hutoa unga au mahindi, na watoto hupata kikombe cha uji saa ya mapumziko. Mtoto ambaye nyumbani kwao hawakutoa chochote huwatazama wenzake wakinywa, na mchana huo hana nguvu ya kusikiliza.

Iko pia kamati ya usimamizi wa shule, ambamo wazazi wana wajumbe wao. Wanawake wa kambini huwa na mashaka kuihudhuria mikutano yake, wakisema kwamba wao ni wapitaji na mwaka ujao huenda wasiwepo. Lakini choo kitakachochimbwa mwaka huu kitatumiwa na mtoto wa mpitaji mwingine, kama vile mtoto wao anavyokalia leo dawati lililonunuliwa na waliowatangulia.

KAZI YA IJUMAA JIONI

Uganda imekwisha kuonja uchungu wa majuma yaliyopotea. Shule zilifungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hata tarehe 10 Januari 2022. Watoto wengi wa madarasa ya chini walikaa karibu miaka miwili bila darasa. Wengine walirudi wamesahau herufi, na wengine hawakurudi kabisa. Hasara ile iliupata umma mzima na haikuwa hiari ya mzazi. Lakini juma lipotealo kwa uzembe wa nyumbani liko katika uwezo wa nyumba kulizuia.

Njia yake ni nyepesi. Kila Ijumaa jioni, baada ya chakula, daftari lifunguliwe mbele ya taa. Baba akiwa kazini mbali, mama afanye kazi hiyo, au dada mkubwa. Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kufanya ukaguzi huu: atazame tarehe zilizoandikwa juu ya kurasa, kwa kuwa kila siku ya shule hainabudi kuwa na kazi yake, atazame alama za mwalimu za wino mwekundu, ahesabu kurasa zilizoachwa wazi. Penye tarehe iliyorukwa pana siku iliyopotea, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Daftari la mwenzake mtoto liazimwe Jumamosi hiyo hiyo, kazi inakiliwe na kuelezwa, kabla fungu jipya halijaanza.

Naye baba aliyeko mbali, apigapo simu nyumbani, asitosheke kumwuliza mwanawe amekuwa wa ngapi darasani. Amwulize, "Juma hili mmejifunza nini?" kisha anyamaze, asikilize hata mtoto amalize.