Mashua ya mwisho ingali majini

Ninyi mkaao kando ya Ziwa Tanganyika mnaujua upepo tangu utoto, wala hatutawafundisha. Leo twataka kusema habari za mashua ndogo za tanga zisizovua samaki wala kuchukua mizigo, bali hushindana tu. Huko Uingereza viko vyama vingi vya watu waupendao mchezo huo. Vingine viko kando ya bahari, vingine kando ya bwawa lililotengenezwa kwa kuwapa watu wa mji maji ya kunywa. Wakati wa kiangazi, jua likichelewa kuchwa, hukutana mara nyingi Jumatano jioni, tena siku ya Jumapili.

Ugonjwa wa vyama hivyo wajulikana. Tuseme chama kina mashua themanini zilizolazwa ufukweni chini ya maturubai. Siku ya mashindano zashuka majini saba, na katika hizo saba wanaoshinda ni wale wale wawili. Wakubwa wa chama hukutana, hununua kikombe kizuri zaidi, hubandika tangazo mlangoni. Jumapili ifuatayo zashuka sita.

Kwa nini? Tumtazame mgeni anayejaribu kwa mara ya kwanza. Anafika na mashua ya zamani aliyoinunua kwa bei ndogo. Hakuna amwambiaye boya lipi ni la kuzunguka kwanza. Wenzake wanapanda upepo kwa kubisha upesi, huku na huku, naye tanga lake lapepea kama nguo kwenye kamba. Afikapo kwenye mstari wa mwisho, wasimamizi wamekwisha ng'oa nanga na kwenda kula. Hakuna aliyeandika saa yake. Mtu huyu hatakasirika wala kugombana na mtu. Atafunika mashua yake vizuri, asirudi tena. Sisi twaona kwamba chama kinachotaka kuongeza washindani yafaa kimwangalie huyu kwanza, kwa maana washindi hawahitaji kubembelezwa.

Jambo la kwanza ni bei. Mwaka 1947, katika mji wa Clearwater, nchi ya Marekani, Clifford McKay alitamani watoto wapate mchezo wa tanga usiowahitaji wazazi wenye mali. Fundi wa mashua Clark Mills akaombwa kuchora chombo ambacho baba na mtoto wangeweza kukiunda nyumbani kwa dola zisizozidi hamsini. Fundi akapima kwa mbao za plaiwudi zilizouzwa madukani, akakata omo butu kama sanduku, maana mbao hazikutosha kuichonga iwe kali. Ndiyo Optimist. Urefu wake ni mita 2.3 tu, uzito kilo 35, tanga moja, mtoto mmoja. Waliozoea vyombo vizuri huiona kama hori la kunyweshea ng'ombe, na kweli si nzuri kwa macho. Lakini imeenea duniani kote, na wengi walioshindana katika Michezo ya Olimpiki walianza ndani yake. Mwaka 1963 Waingereza nao walipata Mirror, mashua iliyouzwa vipande vipande kwa njia ya gazeti la jina hilo. Mwenye nyumba alizishona mbao kwa waya za shaba, kisha akaziba mishono kwa utepe na gundi. Zaidi ya mashua 70,000 zimeundwa.

Basi mashua za kila namna zikiisha kukutana, zashindanaje kwa haki? Hapo kuna hesabu iitwayo Portsmouth Yardstick, ambayo Waingereza wanaitumia tangu miaka ya 1950. Kila namna ya mashua ina namba yake. Iliyo nzito ya mwendo ina namba kubwa. Dakika alizotumia mtu huzidishwa kwa 1000, kisha hugawanywa kwa namba hiyo. Wanafunzi wachukue kalamu: mashua ya namba 1100 imemaliza kwa dakika 66, na ya namba 1600 kwa dakika 96. Zote mbili zapata 60. Wamekwenda sare, ijapokuwa mmoja alimwacha mwenzake nusu saa nzima! Vyama hupeleka matokeo yao kwa wakubwa wa mchezo, na namba husahihishwa.

Hesabu hiyo ni ya haki, lakini ina kasoro moja: majini haionekani. Mtoto ameachwa nyuma, karatasi ndiyo itakayomwambia jioni kwamba alifanya vema. Kwa hiyo sisi twapenda zaidi mashindano ya kufukuzana. Mashua nzito hutangulia kuondoka, nyepesi hufuata dakika nyingi baadaye, kila moja kwa zamu yake, na saa iliyowekwa ikitimia aliye mbele ndiye mshindi. Hapo mgeni mwenye mashua ya zamani huongoza kundi zima kwa muda, na mabingwa humwona mgongo.

Mengine ni madogo wala hayahitaji fedha. Njia iwe fupi, mizunguko iwe mingi, ili aliye nyuma asipotee machoni pa wenzake. Bingwa mwenye mashua ya watu wawili amchukue mgeni awe baharia wake. Atashindwa mara kadhaa, na pengine atanung'unika. Na wasimamizi wasing'oe nanga kabla ya wakati. Chai yaweza kungoja robo saa, honi ipigwe hata kwa yule wa mwisho, na saa yake iandikwe daftarini pamoja na za wengine.