NAKALA IJE KIBEREGE

Mtoto wa Kiberege husoma darasani habari za binadamu wa kale wa Olduvai. Fuvu la Zinjanthropus, aliloligundua Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, na ambalo lilirudishwa nchini kutoka Nairobi mwaka 1965, limehifadhiwa Dar es Salaam. Kwa mwana wa mkulima wa mpunga huo ni mwendo wa kutwa nzima, na nauli hana.

Wako ndugu zetu wanaonung'unika kwamba hata huko Olduvai penyewe mgeni huonyeshwa nakala, si fuvu lenyewe. Wasema mwananchi anadanganywa. Sisi hatukubaliani nao. Mfupa wa miaka karibu milioni mbili ukianguka, hapana fundi wa kuurudisha. Nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1978, zilifukiwa kwa udongo ili jua na mvua visizimalize. Miti ikaota juu yake, mizizi ikaanza kuzipasua, hata katika miaka ya 1990 ikabidi zifukuliwe, zitengenezwe na kufukiwa upya. Huko ni kutunza mali ya taifa. Udanganyifu huanza pale kibao kinaponyamaza, mtazamaji akaondoka akidhani plasta ni mfupa.

Lakini mwenye kuficha kitu chake ili kukitunza si sawa na aliyenyang'anywa, kisha akapewa sanamu yake apoe. Kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, ambavyo wazee wa bonde letu walivipigana mpaka kwenye boma la Mahenge, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa huko Tendaguru, Lindi. Waliochimba kwa majembe ni Waafrika, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Waliobeba mizigo kichwani kwa siku kadhaa hadi pwani ni Waafrika. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini. Tangu mwaka 1937 mjusi mmojawapo amesimamishwa Berlin, urefu wake kwenda juu mita 13, na sehemu kubwa ya mifupa yake si nakala.

Leo wapo wanaotushauri turidhike na nakala, kwa kuwa hatuna jumba la kumweka mjusi huyo. Kama nakala yatosha, mbona isiwatoshe wao?

Tukirudi nyumbani, wakuu wa Makumbusho ya Taifa nao wana deni. Kalibu moja hutoa nakala nyingi, na plasta si dhahabu. Kwa nini basi nakala zikae mijini tu? Zipelekwe Ifakara, Mahenge na Malinyi. Shule ya Kiberege ipewe fuvu moja la plasta, watoto walishike kwa mikono yao, na kando yake kiwekwe kibao cha Kiswahili: Hii ni nakala. Fuvu lenyewe liko Dar es Salaam, nalo ni lako.