Utani wa Mdomo Mmoja

Wako watu katika nchi hii wanaoamini kwamba mwandishi akisimama mbele ya vijana na kuwasimulia jinsi alivyochekwa, alivyotengwa na kuteswa na wenzake alipokuwa mtoto, huwa amejivunjia heshima. Tumewasikia wakisema hivyo katika vyumba vya walimu, na wazazi nao tumewasikia. Hudai kwamba mambo hayo ni mtindo ulioletwa kutoka Marekani, ambako waandishi huketi katika maduka ya vitabu, hutia saini nakala zao, kisha hueleza machungu yao mbele ya wanunuzi. Hudai kwamba Mwafrika huficha kidonda chake. Katika makala haya tunakusudia kuwapinga watu hao, nasi tutawapinga tukiwa tumesimama Sumbawanga, mji ambao jina lake peke yake limewafanya watoto wengi wachekwe.

Habari ya Marekani ni ya kweli. Mwaka 2011 waandishi 70 wa huko walitoa kitabu kimoja, Dear Bully, ambamo walisimulia visa vyao vya uonevu wa utotoni. Kitabu hicho kilizaliwa na msiba, kwa maana mwaka 2010 msichana mmoja wa shule katika jimbo la Massachusetts alijiua baada ya kuteswa na wenzake. Sisi hatuoni aibu yoyote katika kazi hiyo. Lakini kusema kwamba Wamarekani ndio waliotufundisha kusimulia aibu ni kusahau mambo yetu wenyewe.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwishoni mwa karne ya 19, katika jamaa ya watu maskini. Alipoanza kupata sifa mjini kwa uimbaji wake, washindani wake walimtungia maneno ya kumcheka kwa asili yake ya shamba, kwa nguo zake na kwa sura yake. Hakujificha, wala hakujifanya hakusikia. Aliwajibu kwa wimbo, mbele ya watu walewale waliokuwa wakicheka, akawaambia kwamba si uzuri wa sura unaompa mtu thamani bali akili yake. Shaaban Robert, aliyekuja kuandika wasifu wa bibi huyo, alikuwa ametangulia kuandika habari za maisha yake mwenyewe katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949. Hao ndio wazee wetu wa fasihi.

Ngũgĩ wa Thiong'o naye alisimulia. Katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, alieleza jinsi watoto wa Kikuyu walivyoadhibiwa shuleni kwa kusema lugha ya mama zao baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari nchini Kenya mwaka 1952. Asubuhi mwanafunzi mmoja alipewa kifungo cha nguo. Akimsikia mwenzake anasema Kikuyu, alimpa; naye huyo akampa mwingine; na jioni aliyekutwa nacho alitakiwa kumtaja aliyempa, na huyo kumtaja aliyemtangulia, mpaka wote waliosema lugha yao siku ile wajulikane. Adhabu ilikuwa viboko, au kuvikwa shingoni kibao chenye maneno ya kumwita mtoto punda. Kiswahili kina neno moja tu, kifungo, kwa kitu hicho kidogo cha shati na kwa jela, na hatujapata kuona mahali ambapo maana hizo mbili zimekutana vizuri kuliko hapo. Ubaya mkubwa wa kifungo kile haukuwa viboko. Kiliwafanya watoto kuwa wapelelezi wa watoto wenzao, na mwalimu akabaki ameketi kivulini. Hayo tunayajua kwa sababu mtu mzima mwenye jina kubwa hakuona haya kuyaandika. Nasi tulio walimu tujiulize ni milango mingapi ya ofisi zetu imepata kubandikwa karatasi inayokataza kuingia kwa Kiswahili, na ni watoto wangapi waliochekwa darasani, mbele ya macho yetu, kwa sababu ulimi wao ulijikwaa katika Kiingereza.

Sasa tuje Ufipa. Jina la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi: kusumba ni kutupa, na wanga ni uchawi. Ni jina la watu wanaomwamuru mgeni auache uchawi wake nje ya mji. Lakini nchi nzima imeligeuza. Mtu akitaja Sumbawanga ndani ya basi, Dar es Salaam au Mwanza, abiria hucheka na kumwuliza kama kweli amepanda basi au amepaa na ungo. Michezo ya kuchekesha imelitumia jina hilo mara nyingi kiasi kwamba wako Watanzania wasiojua kama Ufipa hulima mahindi, maharage na ulezi, wala kama mafundi wa zamani wa nchi hiyo waliyeyusha chuma katika tanuu ndefu kupita kimo cha mtu, lakini wote wanajua kwamba huko kuna wachawi.

Tutaambiwa kwamba huo ni utani, na kwamba utani ni utamaduni wetu. Hapa ndipo tunapotaka kukaa kwa muda, kwa kuwa hakuna neno linalotumiwa vibaya kama hili. Utani ni taasisi ya watu wenye adabu. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na baada ya damu ile wakawa watani. Mtani hunitukana nami humtukana. Huchukua kuku wangu nami siku nyingine nitachukua wake. Tena siku ninapofiwa, mtani hufika msibani akafanya kazi ambazo ndugu hawawezi kuzifanya kwa uchungu, akawachekesha waliokuwa wakilia. Utani una midomo miwili na mikono miwili. Mtoto wa miaka 14 aliye peke yake kutoka Rukwa katika bweni la watoto 60, akiitwa mchawi asubuhi na jioni bila ruhusa ya kujibu, hana mtani humo ndani. Huo ni utani wa mdomo mmoja, na kwa Kiswahili kizuri huitwa uonevu.

Wala neno lenyewe si jepesi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wengi waliuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Nchi iliyoona mauaji ya namna hiyo haina haki ya kulichezea neno mchawi juu ya kichwa cha mtoto.

Tuseme yaliyotupata. Sisi tunaoandika haya ni walimu wachache tuliozaliwa Ufipa na kusoma sekondari za bweni nje ya mkoa, katika miaka ya 1980. Mmoja wetu alikwenda shuleni na sanduku la bati ambamo mama yake alikuwa ametia migebuka mikavu kutoka Ziwa Tanganyika, ili awagawie wenzake, kwa maana mgeni haendi mikono mitupu. Usiku wa kwanza aliwagawia, nao wakala kwa furaha. Usiku wa pili walimwuliza kwao ni wapi. Alipotaja Sumbawanga, mmoja alitoka nje akajitapisha, na kesho yake bweni zima lilisema kwamba walilishwa nyama ya mtu. Kwa muhula mzima hakuna aliyekubali kulala kitanda cha jirani naye. Mwanafunzi mmoja alipougua malaria, viranja walikuja usiku kumtaka amfungue. Mwalimu wa zamu alipopelekewa habari alicheka, akamwambia, “Basi wafungue tu, yaishe.”

Laiti hadithi ingeishia hapo, ingekuwa rahisi kuisimulia, nasi tungeonekana wema. Lakini mwaka uliofuata tulikuwa kidato cha pili, na njuka wapya walipofika tuliwapokea kama tulivyopokewa. Tuliwaamuru wapulize taa ya umeme mpaka izimike. Tuliwatuma wapime urefu wa uwanja wa mpira kwa njiti ya kiberiti. Yule aliyekula peke yake mwaka mzima kwa kosa la migebuka ndiye aliyekuwa hodari kuliko sote, maana alikuwa amegundua kwamba anayeonea haulizwi kwao ni wapi.

Miaka michache iliyopita tuliyasimulia hayo mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu, katika mji huu wa Sumbawanga. Tulisimulia kwanza habari ya sanduku, na wengi walinyamaza kwa huzuni; tukaendelea na habari ya taa, tukitazamia kwamba watacheka, nao kweli wakacheka. Kisha msichana aliyekaa karibu na dirisha akauliza kama yule aliyepuliza taa tulipata kumwomba radhi. Hatukuwa na jibu. Jina lake tulilikumbuka, na kijiji chake tulikikumbuka, na tangu tulipomaliza shule hakuna kati yetu aliyewahi kumtafuta.

Swali hilo ndilo linalotufanya tuwapinge pia baadhi ya waandishi wenzetu. Iko namna ya kusimulia ambayo ni biashara ya machozi. Mwandishi huja na kisa kimoja kilichonolewa, ambamo yeye ni mnyonge tangu mwanzo hadi mwisho, adui zake hawana mama wala baba, na mwishoni yeye ameshinda kwa kuwa amekuwa maarufu. Kijana anayeonewa leo atapata nini hapo? Yeye hajawa maarufu, na pengine hatakuwa kamwe. Na yule anayeonea, aliyeketi safu ya nyuma, ataondoka akiwa amefarijika kwamba jambo hilo linawahusu watu wabaya mahali pengine. Mwandishi asiyetaja siku aliposhika yeye kiboko, au siku aliponyamaza mwenzake alipokuwa akidhalilishwa, afadhali auze vitabu vyake na kwenda zake.

Wanaosema kwamba uonevu humkomaza mtoto tutawajibu kwa ufupi. Wanawahesabu waliobaki. Wale walioacha shule muhula wa kwanza, wakarudi na masanduku yao, hawamo katika hesabu.

Mwaka 2016 picha za video za mwanafunzi akipigwa na walimu wa mazoezi mkoani Mbeya ziliwatikisa watu, na viongozi wakachukua hatua siku zilezile. Tulifurahi. Lakini uonevu mwingi hauna picha. Kitanda kilichosogezwa usiku hakipigwi picha, wala samaki waliotemwa. Vitu kama hivyo vikikosa msimuliaji huwa kama havikutokea, ndiyo maana msimuliaji anahitajika, tena hadharani, mbele ya wale ambao huenda kesho watasogeza kitanda.

Na Ufipa inayajua mambo ya mgeni. Mapokeo ya nchi hii, ambayo Roy Willis aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1981, husema kwamba mfalme wa Milansi alipokuwa amekwenda kuwinda, walifika kutoka mbali wanawake wageni. Nao ndio walioanzisha ukoo mwingine wa kutawala, naye mwenyeji akabaki na mlima wake na heshima yake ya kikuhani. Hakuna aliyewaambia wapulize taa. Sisi tunaosalimia wakubwa zetu kwa kuinama na kupiga makofi tumejifunza wapi kumpokea mtoto mgeni kwa matusi?

Tunajua ugumu uliopo. Jijini Dar es Salaam ziko kumbi ambamo mwandishi huweza kukutana na wasomaji wake, na tangu mwaka 2023 washindi wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu hupigiwa makofi kila Aprili. Kutoka huko hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilometa 1,000. Maduka ya vitabu ya huku huishi kwa daftari, vitabu vya kiada na Biblia, na mwenye duka hawezi kumgharimia mwandishi nauli na malazi. Lakini wanaotoa tuzo wanaweza. Mshindi apewe kitita chake, na pamoja nacho apewe tiketi ya basi na sharti la kufika katika miji mitatu ya pembezoni, Sumbawanga ukiwa mmojawapo, aketi kati ya maboksi ya daftari na vijana 30 wa shule, asome kurasa chache, aseme lililompata na alilolitenda, na aulizwe maswali.

Aje mwezi Januari, wiki ile ambayo kidato cha kwanza wanafika na masanduku yao. Sisi tutatoa mabenchi. Barua kwa yule aliyepuliza taa tumekwisha kuiandika na kuipeleka kwa anwani ya kijiji chake. Ikiwa atajibu, na ikiwa ataturuhusu, tutaisoma siku hiyo kabla ya mgeni hajasimama.