Makengeza ya Nje: Kisu cha Daktari Peke Yake Hakitoshi

Juma hili tuzungumzie makengeza, ambayo wengine huyaita upogo, na hasa aina ile ambayo jicho moja hutazama mbele na la pili likaelekea upande wa sikio. Mzazi akiambiwa kuwa mwanawe atapasuliwa, huuliza swali moja tu: Je, atapona? Ni swali la haki, lakini jibu lake halimo katika neno moja. Kufaulu kwa upasuaji huu hutegemea mambo kadhaa, na baadhi ya mambo hayo yamo mikononi mwa mzazi mwenyewe.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Kila jicho huendeshwa na misuli sita. Msuli ulio upande wa sikio hulivuta jicho nje, na ule ulio upande wa pua hulivuta ndani. Jicho likizoea kwenda nje, daktari huulegeza msuli wa nje kwa kuubandua mahali uliposhika na kuushona nyuma kidogo. Pengine huufupisha na ule wa ndani ili uvute kwa nguvu zaidi. Jicho halitolewi mahali pake, kama uvumi wa mitaani unavyodai.

Kazi hii si ngeni. Mwaka 1839, mjini Berlin, daktari Johann Friedrich Dieffenbach alimpasua mvulana wa miaka 7 ambaye jicho lake lilielekea puani. Siku hizo msuli ulikatwa tu bila kushonwa mahali papya, na wengi waliopasuliwa kwa njia hiyo walikuja kuona macho yao yakigeukia upande wa pili, yaani nje. Somo lililopatikana ni kwamba kukata ni rahisi. Kilicho kigumu ni kupima.

Hivyo basi, jambo la kwanza ni kipimo. Daktari hupima kiasi jicho linavyopotoka mtoto atazamapo karibu na atazamapo mbali, na ni vizuri kupima zaidi ya siku moja, kwa sababu makengeza mengi ya nje huja na kuondoka. Kadiri jicho linavyokwenda mbali zaidi, ndivyo ilivyo vigumu kulinyoosha likabaki limenyooka. Hapo ushahidi wa nyumbani una thamani kubwa. Je, jicho hutoka mtoto akichoka, akiwa na homa, au akiwaza? Je, hufumba jicho moja juani? Yaandikwe hayo, na picha za familia zichukuliwe kwenda nazo hospitali.

Jambo la pili ni nguvu ya kuona ya kila jicho. Ubongo ukizoea kutumia jicho moja tu, lile la pili huwa vivu, na jicho vivu, hata likinyooshwa kwa kisu, ni rahisi kurudi lilikotoka. Ndiyo maana daktari huweza kuagiza miwani kwanza, au kuziba jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lifanye kazi. Mzazi anayemhurumia mtoto akakibandua kitambaa hicho anaipunguza faida ya upasuaji hata kabla haujafanyika. Kadhalika, mtu mzima ambaye jicho lake lilipofuka zamani anaweza kunyooshwa, na heshima yake kazini na mtaani ikarudi, ila ajue kuwa kuona hakutarudi na kwamba jicho laweza kupotoka tena.

La tatu ni wakati. Jicho linalotoka mara moja moja lina matumaini zaidi kuliko lile linalokaa nje kutwa, kwa kuwa ubongo ungali unajua kuziunganisha picha za macho yote mawili. Kwa mtoto mdogo wa namna hiyo daktari huweza kusema, "Tungoje." Huko si kumpuuza. Kundi la watafiti wa macho ya watoto la Marekani liliwafuatilia kwa miaka 3 watoto wa miaka 3 hadi 10 ambao hawakutibiwa, na katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 hali iliharibika kwa watoto wapatao 15 tu katika kila mia. Lakini kungoja maana yake ni kurudi kliniki kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Jicho likianza kukaa nje wakati wote, kungoja kumekwisha.

La nne ni kile kinachofuata baada ya upasuaji. Mwaka huo huo wa 2019, kundi hilo lilitoa matokeo ya watoto 197 waliopasuliwa kwa njia mbili tofauti. Baada ya miaka 3, matokeo hayakuridhisha kwa watoto wapatao 46 katika kila mia kwa njia moja, na 37 kwa njia ya pili, na tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kuwa njia moja ni bora. Kwa hiyo mzazi asihangaike sana kuuliza ni njia ipi. Aulize atarudi lini. Katika siku za mwanzo mtoto huweza kuona vitu viwili viwili, na jicho likaelekea ndani kidogo. Mara nyingi daktari hulitaka hilo, kwa kuwa jicho hupenda kurudi nje polepole. Hali hiyo ikiendelea kwa majuma kadhaa, daktari aarifiwe. Na mtoto akihitaji kupasuliwa mara ya pili, mzazi asidhani amedanganywa, wala asimfiche nyumbani.

Lipo onyo moja lisilongoja kliniki ya mwezi ujao. Makengeza huweza kuwa dalili ya ugonjwa ulio ndani ya jicho, kama mtoto wa jicho au kansa. Ukiona weupe ndani ya mboni ya mtoto, au jicho limepotoka ghafla, mpeleke hospitali mara moja. Mtoto mchanga ambaye jicho lake lingali likipotoka baada ya miezi minne naye apimwe. Muhimbili na CCBRT mjini Dar es Salaam, na KCMC mjini Moshi, zina wataalamu wa macho. Hospitali iliyo karibu nawe itakupa barua ya rufaa.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha makengeza ya mwanawe humwachia jicho lisiloona. Daktari ana saa moja hivi ya kufanya kazi yake. Miaka iliyotangulia na ile itakayofuata ni ya mzazi.